Ndagala wa Ziwa Tanganyika: msimu, tabia na soko

Samaki anayeitwa ndagala Muhuta na Rumonge ndiye dagaa wa Kigoma na kapenta wa Mpulungu, Zambia. Jina lake la kitaalamu ni Stolothrissa tanganicae. Hazidi sana sentimita 10, hukomaa akiwa na miezi michache tu, na wachache hufikisha mwaka mmoja na nusu. Kwa hiyo mavuno ya msimu mmoja hutegemea mazalio ya miezi iliyotangulia.

Mchana ndagala hukaa kina kirefu. Usiku hupanda juu kufuata vijidudu anavyokula. Ndiyo sababu wavuvi hutumia taa na nyavu za kuinua, zikiwemo za mitumbwi iliyoungwa, maarufu kama apollo. Mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki na kazi husimama. Msafirishaji anayepanga safari bila kuangalia mwezi huweza kurudi na gari tupu.

Kuanzia Mei hadi Septemba pepo za kusini husukuma maji ya juu kuelekea Burundi. Zikitulia, maji ya ziwa huyumba, rutuba ya chini hupanda, na chakula cha samaki huongezeka upande wa kaskazini. Mavuno mazuri huja mwishoni mwa kiangazi na mwanzo wa mvua. Mvua zikikolea, kuanika huwa shida. Vichanja vya waya hukausha haraka na bila mchanga kuliko chini.

Mukeke, yaani mgebuka wa Kigoma, humfuata ndagala na kumla. Mmoja akipungua, mwingine huathirika.

Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2019 haukuona makundi tofauti ya ndagala kati ya kaskazini na kusini. Akiba ni moja kwa Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, na uvuvi wa kupindukia wa upande mmoja hupunguza mzigo wa wote. Watafiti pia walikadiria mwaka 2003 kuwa ongezeko la joto limepunguza mavuno kwa takriban asilimia 30.

Kwa ajili hiyo nchi za ziwa zimekubaliana kupumzisha uvuvi. Tanzania ilifunga upande wake kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Wafanyabiashara wanashauriwa kuuliza tarehe za kila nchi kabla ya kulipa malipo ya awali ya mzigo.