Unyumbufu wa Ubongo

Ubongo hubadilika kadiri unavyotumika. Seli za neva zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha maungio yao, maungio yasiyotumika hudhoofika, na baada ya jeraha sehemu zilizosalimika huweza kubeba baadhi ya kazi za zile zilizokufa. Hali hiyo tunaiita unyumbufu wa ubongo.

Istilahi waliyonayo Wazungu ina asili ya kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kufinyanga, na hapo neno letu huweza kutiliwa shaka. Mpira nao hunyumbuka, lakini ukiuachia hurudi ulivyokuwa. Udongo ukibonyezwa, alama hubaki. Wapo watakaopendelea ufinyangikaji. Mimi naona neno hilo linaufanya ubongo uwe kitu kinachongoja mkono wa mtu mwingine, hali ubongo hujibadilisha wenyewe. Tena msomaji wa Kiswahili tayari ana mnyumbuliko wa vitenzi: piga huzaa pigia, pigwa, pigana. Mzizi haupotei, umbo ni jipya na lina kazi mpya. Maana hiyo inatutosha kabisa.

Unyumbufu huwa mkubwa zaidi utotoni, na wakati mwingine una muda wake. David Hubel na Torsten Wiesel, waliopata Tuzo ya Nobel mwaka 1981, walifumba jicho moja la paka wachanga. Lilipofunguliwa baadaye lilikuwa zima, ila ubongo ulikwisha kuligawia jicho la pili nafasi yake. Ndivyo inavyokuwa kwa mtoto aliyezaliwa na mtoto wa jicho: akichelewa kufanyiwa upasuaji, jicho husafika lakini ubongo haujajifunza kuona vizuri. Mzazi akiona weupe kwenye mboni ya mtoto wake, asingoje akue. Ampeleke hospitali mara moja.

Kwa mtu mzima mlango haufungwi. Edward Taub wa Marekani alieleza kwamba mgonjwa wa kiharusi hujifunza kutoutumia mkono dhaifu, kwa kuwa kila akijaribu hushindwa, na ule mzima upo. Tiba yake ni kuuvisha mkono mzima glavu nene, kisha ule dhaifu uokote, ufungue, ushike, kwa saa kadhaa kila siku. Utafiti wa mwaka 2006 uliohusisha wagonjwa 222, waliopata kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma, ulionyesha kuwa wiki 2 za mazoezi hayo ziliwapa nafuu zaidi kuliko huduma ya kawaida, na nafuu hiyo ilikuwapo hata baada ya mwaka.

Hili linanigusa kwa sababu ya huruma yetu. Baba akipata kiharusi, tunamlisha, tunamfunga vifungo vya shati, tunamshikia kikombe asije akataabika. Kwa upendo huo tunaunyima ubongo wake kazi. Muulizeni mtaalamu wa fiziotherapia mkono ule unaweza nini leo, kisha muuachie ukifanye, hata kama kifungo kimoja kitachukua dakika tano. Waliotibiwa katika utafiti ule walikuwa bado wanaweza kuinua kiganja na kunyoosha vidole kidogo. Mkono usiosogea kabisa unahitaji mpango mwingine.