Adabu Kati ya Sikio na Jicho

Zamani mtoto wa pwani alifunzwa adabu kwa sikio. Mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utenzi wa wasia, hakuwa na picha ya kumwonyesha. Alikuwa na vina, na vina hushikika moyoni. Shaaban Robert, aliyesoma Dar es Salaam kati ya 1922 na 1926, naye aliwausia wanawe kwa njia hiyo hiyo: Utenzi wa Hati kwa binti, Utenzi wa Adili kwa mwana.

Lakini mji aliousomea ulikuwa ukigeuka. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na mitaa yake ikajaa watu wa makabila mengi. Hapo mtoto hakuishi tena baina ya jamaa watupu. Ilimpasa kumwamkia shikamoo mzee asiyeujua ukoo wake, na kungoja zamu dukani nyuma ya mgeni. Adabu ikawa ndiyo undugu wa mji.

Kitabu cha picha kilichelewa kuingia katika malezi hayo. Kwa miaka mingi uchapishaji wa vitabu vya shule ulikuwa mikononi mwa dola, na mchapishaji binafsi aliogopa hasara, kwani rangi ni ghali na wanunuzi wachache. Mwaka 1991 ukaanzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mradi ulifunza waandishi na wachoraji, ukanunua sehemu ya nakala na kuzigawa shuleni. Zilizobaki aliziuza mchapishaji mwenyewe.

Picha ina uwezo ambao utenzi hauna: humwonyesha mtoto asiyejua herufi jinsi mikono miwili inavyopokea. Lakini picha haina sauti. Haitamki shikamoo, wala haielezi kwamba katika marahaba mtoto naye hupewa heshima yake. Akiachiwa kitabu peke yake, ataona mkao wa mwili asiione heshima yenyewe. Ndipo anapohitajika mama, bibi au mwalimu wa kumsomea, na mtunzi wa kuyapa maneno yale mizani ya kukumbukika.

Mwana Kupona hakupungukiwa kwa kukosa picha, kwani sauti yake ilikuwapo. Kitabu kizuri kisichosomewa mtoto ndicho kilichopungukiwa.