Msimu wa kushindwa (mpira wa kikapu wa vyuo)

Msimu wa kushindwa ni ule ambao timu hufungwa mara nyingi kuliko inavyoshinda. Watu huwa wepesi kuulaumu uzembe au kocha, lakini chuoni chanzo kimoja kikubwa ni wachezaji kuhitimu au kuondoka. Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, kilimaliza msimu wa 2005/06 kwa ushindi wa michezo 30 na kufungwa 4, kisha wachezaji wake watano wakachukuliwa na klabu za NBA. Msimu uliofuata, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam akiwa mwaka wa kwanza, kikosi kipya kilianza kwa kushinda michezo 11 mfululizo, mingi ikiwa dhidi ya vibonde. Ligi ya Big East ilipopamba moto, kikashinda 6 na kufungwa 10, yaani ndani ya ligi ukawa msimu wa kushindwa. Kocha alikuwa yuleyule Jim Calhoun, bingwa wa taifa wa 1999 na 2004. Mwaka 2009, Thabeet akiwa mwaka wa tatu, timu ilishinda 31, ikafungwa 5 na kufika nusu fainali ya taifa. Kama tatizo lingekuwa kocha, matokeo hayo yangetoka wapi?

Atakayepinga atasema subira haitoshi, na ana hoja. Caltech, chuo cha sayansi cha California kisichotoa ufadhili wa michezo, kilifungwa michezo 310 mfululizo ya ligi yake tangu 1985, hadi kilipoifunga Occidental 46–45 Februari 2011. Huko tatizo halikuwa ugeni wa kikosi. Wachezaji wenye uwezo hawakuwa wakiingia. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu, ni lazima kutenganisha timu iliyopoteza wakongwe na ile isiyowahi kuwa nao.

Kwa vyuo vya ualimu vya Kasulu na Kabanga, mkoani Kigoma, Tanzania, swali hili si la mbali. Kozi ya miaka miwili humaanisha kwamba aliyejifunza kupiga pasi na kulinda kikapu mwaka huu, mwakani yuko kwenye mazoezi ya kufundisha (BTP) katika shule ya kijijini, kisha anahitimu. Connecticut ilimngoja Thabeet miaka mitatu. Mwalimu wa michezo wa Kasulu hana muda huo. Kuivunja timu ya namna hiyo kwa sababu ya msimu mmoja mbaya ni kosa: wa mwaka wa kwanza waliofungwa ndio wakongwe pekee itakaokuwa nao mwakani.