Usikivu wa Kuvu kwa Dawa

Kipimo cha usikivu wa kuvu kwa dawa ni uchunguzi wa maabara unaoonyesha ni kiasi gani cha dawa kinachotosha kuizuia kuvu iliyotoka kwa mgonjwa isiendelee kuota. Kuvu ndizo ambazo mtaani, na hata wodini, huitwa fangasi.

Istilahi hii ina mshindani. Wapo wanaosema “kipimo cha usugu”, kwa kuwa usugu wa dawa umezoeleka masikioni, na Tanzania kifupi cha UVIDA, yaani usugu wa vimelea dhidi ya dawa, kimekwisha kuingia katika lugha ya sekta ya afya. Lakini usugu ni mojawapo ya majibu ya kipimo, na jibu halifai kuwa jina la swali. Usikivu unafaa zaidi, tena haukuhitaji kubuniwa: mgonjwa anayemeza vidonge bila nafuu husema ugonjwa wake “hausikii dawa”. Majibu nayo hupata majina yake kwa urahisi: sikivu, sikivu kwa dozi kubwa, na sugu.

Kazi huanza kwa kuotesha sampuli, iwe damu, mkojo au maji ya uti wa mgongo, hadi kuvu ipatikane peke yake na itambuliwe jina. Hatua ya jina hairukwi, kwa sababu itakayoonekana mbele.

Njia inayotegemewa zaidi hutumia sahani ya plastiki yenye vishimo 96. Katika safu moja hutiwa dawa kwa kiwango kinachopungua nusu kwa nusu. Kwa flukonazoli, mojawapo ya dawa za kuvu, huanza mikrogramu 64 kwa mililita, kisha 32, 16, mpaka 0.125. Kishimo kimoja huachwa bila dawa ili kiwe cha kulinganishia. Kila kishimo hupandwa kuvu kwa idadi iliyopimwa, kisha sahani hukaa katika nyuzi joto 35. Kuvu za Candida husomwa baada ya saa 24. Cryptococcus, ambayo huota polepole, husubiriwa hadi saa 72. Kishimo chenye dawa kidogo kuliko vyote ambamo kuvu imezuiwa ndicho kinachotoa kiwango cha chini cha kuzuia.

Neno “kuzuiwa” halina maana moja kwa dawa zote. Kwa amfoterisini B, kishimo kinatakiwa kiwe safi kabisa, bila dalili ya kuota. Kwa flukonazoli na ndugu zake wa jamii ya azoli, inatosha kuota kupungue kwa nusu kuliko katika kishimo kisicho na dawa, kwa sababu dawa hizo huidumaza Candida zaidi ya kuiua. Baadhi ya Candida huendelea kuota kwa kusuasua hata penye dawa nyingi, na msomaji asiye na uzoefu huweza kuziita sugu bila haki.

Maabara isiyo na sahani hizo huweza kutumia agari na vikaratasi vya duara vilivyolowekwa dawa, kisha ikapima kwa rula upana wa eneo lisiloota kitu. Ni njia ya gharama nafuu, ila haitoi kiwango chenyewe cha dawa.

Namba peke yake haimwambii daktari chochote. Kwa mujibu wa mizani ya CLSI, taasisi ya Marekani inayoweka viwango vya maabara, Candida albicans yenye kiwango cha 2 au chini yake kwa flukonazoli ni sikivu, ya 4 ni sikivu kwa dozi kubwa, na kuanzia 8 ni sugu. Namba hiyohiyo ya 8 kwa Candida glabrata humaanisha sikivu kwa dozi kubwa, kwani kuvu hiyo huitwa sugu kuanzia 64 tu. Candida krusei huhesabiwa sugu kwa flukonazoli kwa asili yake, hata bila kupimwa. Hapo ndipo jina la kuvu linapotangulia namba.

Candida auris, iliyoelezwa mara ya kwanza Japani mwaka 2009 na baadaye kuonekana pia Kenya, mara nyingi haisikii flukonazoli. Aspergillus fumigatus nayo huweza kupata usugu shambani, kwa viuakuvu vya jamii ya azoli vinavyopuliziwa mazao, kabla haijamfikia mgonjwa yeyote. Aina sugu za namna hiyo zilipatikana katika mazingira ya Tanzania na kutangazwa mwaka 2014.

Si kila fangasi wa kupimwa hivi. Utando mweupe wa mdomoni unaotokea mara ya kwanza hutibiwa bila kipimo. Kuvu iliyotoka kwenye damu, au maambukizi yanayorudi baada ya dozi kukamilika, ndiyo ya kupelekwa maabara, na anayejaza fomu aandike sampuli imetoka wapi na mgonjwa amekwisha kutumia dawa gani.