Senti Zilizoezeka Nyumba

Kila hesabu zisomwapo huulizwa kama vyama vidogo kama hiki vyaleta faida, au kama ingefaa senti zetu tuwaachie mashirika makubwa. Twapenda kuijibu hoja hiyo kwa historia.

Pumwani ilipoanzishwa Nairobi miaka ya mwanzo ya 1920, serikali ya kikoloni ilimhesabu Mwafrika mjini kuwa mpita njia. Mshahara wake ulikadiriwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala watoto, na uzeeni alitarajiwa kurudi kwao. Augonjwapo au afapo, mzigo ulichukuliwa na watu wa kwao, waliochanga nauli, sanda na chakula cha wafiwa. Gharama hiyo haikuandikwa katika vitabu vya serikali, nasi twasema wazi kwamba waajiri ndio waliofaidi.

Lakini mfano utufaao zaidi ni vikundi vya mabati vya wanawake wa Nyeri na majirani zao, vilivyoenea miaka ya 1960. Walifanya vibarua pamoja mashambani, ujira wakautia katika mfuko mmoja, wakanunua mabati ya kuezeka nyumba ya mwenzao. Kisha ya mwingine, kwa zamu. Paa la nyasi lilitaka kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Bati lilidumu, tena lilileta maji ya mvua hadi mlangoni, mama akaokoa saa alizozoea kuzimaliza njiani kutoka mtoni, mzigo wa maji mgongoni.

Hatari yajulikana: aliyekwisha kuezekewa angeweza kuacha kuchanga. Hapo ndipo udogo wa chama ulipofanya kazi kuliko wakili. Paa jipya lilionekana na kijiji kizima, na mwenye nalo alikutana na wenziwe shambani, sokoni na kanisani. Shirika la mbali lingehitaji makarani wa kumfuata, na makarani hao hulipwa kutoka katika mfuko ule ule.

Hata hivyo tusizidishe sifa. Mjane asiye na nguvu za kibarua wala senti za kuanzia aliweza kuachwa nje, naye ndiye aliyekuwa na haja kubwa zaidi. Chama cha kupokezana hakimfikii mtu huyo, ila wenyewe wakiamua kumtengea fungu.

Nyumba ya mwisho ilipokwisha kuezekwa, vikundi kadhaa havikuvunjwa. Vilianza mzunguko upya, safari hii kwa ng'ombe wa maziwa, matangi ya maji na karo za watoto.