Kuhifadhi Nakala za Gemu za Zamani: Hukumu na Mipaka Yake

Sifa zote njema ni za Allaah, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Vijana wa Korogwe wametuuliza: je, inajuzu kunakili kwenye kompyuta gemu za zamani zisizouzwa tena, ili zisipotee?

Hofu yao ina msingi. Diski huchubuka na kuota ukungu, na betri iliyomo ndani ya kaseti ya gemu huisha. Mwaka 2023 taasisi ya Video Game History Foundation ilionyesha kuwa asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena.

Hata hivyo, gemu kutouzwa si dalili kwamba haina mwenyewe. Kampuni ya Hudson Soft, iliyotengeneza Bomberman, ilivunjwa mwaka 2012, lakini haki zake zilihamia Konami. Jopo la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Kuwait mwaka 1988, liliamua kuwa haki za utunzi na uvumbuzi ni mali inayolindwa kisheria. Hapa kwetu, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta.

Kwa hiyo tunapambanua hali tatu:

1. Kunakili diski uliyoinunua kihalali, kwa ajili ya akiba yako mwenyewe. Wanavyuoni wametofautiana, wapo wanaoruhusu pasipo biashara, na wapo wanaozuia. Tunaona hakuna ubaya, kwa sharti kwamba ukiiuza diski, nayo nakala uifute.

2. Kumjazia mteja gemu kwenye flashi kwa malipo bila idhini ya mwenye haki. Hili halijuzu, kwani ni kula mali ya mtu kwa batili. Aliyekuwa akiishi kwa kazi hiyo atubie, na ageukie kutengeneza mashine na pedi. Chumo hilo ni halali.

3. Kunakili diski ya mtu aliyokuachia fundi uitengeneze. Hiyo ni amana. Usiiguse bila ruhusa yake.

Mwenye kuhifadhi aweke nakala mbili mahali tofauti, na azijaribu mara kwa mara. Gemu yenye kamari au uchi haihalalishwi kwa kuitwa kumbukumbu. Wala kazi hii isimpitishe mtu wakati wa Swala.

Wallaahu a'lam.