Mashua za Vita juu ya Tanganika, 1964–1965

Mtu asomaye habari za maasi ya Simba hutazama kwanza milima na barabara. Sisi hapa tunataka kutazama maji, kwani ziwa nalo lilikata shauri la vita vile.

Waasi waliteka Uvira mwezi wa Mei 1964. Mji ulirudi mikononi mwa serikali mwezi wa Oktoba, lakini Baraka na Fizi zilibaki kwao mwaka mzima tena. Kwa nini? Milima ya kule inashuka hata karibu na maji, na barabara ni chache. Tena ng'ambo iko Kigoma: safari ya usiku mmoja tu. Silaha na watu walipita huko. Ndivyo alivyovuka Che Guevara pamoja na Wakuba wake wa kwanza, mwezi wa Aprili 1965.

Serikali ilikuwa imejaribu ziwa mbele. Mwezi wa Agosti 1964 Mike Hoare na kikundi kidogo cha askari wa kukodiwa walipanda mashua ndogo kutoka kusini ili kushambulia Albertville, ndiyo Kalemie ya leo. Mota zikawasumbua, shambulio likashindwa. Mji ulitekwa na jeshi lililopita nchi kavu.

Mwaka wa 1965 mambo yakageuka. Marekani ilileta boti za mwendo mkali zenye bunduki za mashini, na mabaharia wake walikuwa Wakuba waliomkimbia Fidel Castro. Basi Wakuba waliwindana na Wakuba juu ya maji yetu. Mwisho wa Septemba askari wa Hoare walishuka pwani ya Baraka, wakapigana vikali. Mwezi wa Oktoba wakaingia Fizi. Mwezi wa Novemba Che alirudi Kigoma kwa mashua, kama alivyokuja.

Boti zile, basi, ziliweza kufunga njia ya silaha. Lakini tuangalie tarehe. Tarehe 28 Novemba 1964, miezi kumi mbele ya boti kufika Baraka, waliuawa pale Ndugu Vittorio Faccin na Padri Luigi Carrara. Siku ile ile, kule Fizi, Padri Giovanni Didonè na Abbé Albert Joubert. Huyu Abbé alikuwa mwana wa Kapiteni Léopold Joubert, askari wa zamani wa Papa, aliyelinda misioni za Tanganika kwa bunduki mbele ya wauza watumwa. Baba alishika silaha kwa ajili ya watu wa ziwa. Mwana alikufa kati yao mikono mitupu.

Tarehe 18 Agosti 2024 Kanisa liliwatangaza wote wanne kuwa wenye heri, palepale Uvira. Anayefundisha historia ya pwani hii asiache boti, maana bila hizo vita havieleweki. Lakini asiishie kwazo. Boti zilitwaa pwani. Hazikuwahi kumwokoa mtu hata mmoja wa wale wanne, na watu wa Baraka hawamkumbuki Hoare katika sala zao.